Ndoo Isirudi Tupu

Mama yangu hakuogopa kitu chochote Mafinga isipokuwa maji ya baridi. Aliletwa kutoka pwani akiwa bi harusi, mwezi wa sita, mwezi ambao pale kwetu hata mbwa hutoka nje shingo upande. Asubuhi ya kwanza akajimwagia kata moja tu ya maji ya bomba, akapiga ukelele, majirani wakadhani keshaanza kupigwa. Alinisimulia haya mara nyingi, na kila mara alicheka mpaka akashika ubavu. Anasema alijifunga khanga, akaketi kitandani, akamwambia baba: "Nirudishe kwetu."

Baba alikuwa na duka la misumari na mabati, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoka, akarudi na pipa la chuma lililokuwa na mafuta ya kula, akalisugua kwa mchanga na majivu siku nzima. Akajenga tanuri la matofali nyuma ya bafu, akalilaza pipa juu yake, akaingiza bomba la maji baridi upande mmoja na kutoa la maji moto upande wa pili, likapenya ukutani mpaka bafuni. Chini unachochea mabanzi, yale maganda ya mbao yanayotupwa viwandani, ambayo Mafinga hayaishi. Hilo ndilo boila letu. Mama akaoga, akanyamaza, akakaa miaka yote iliyobakia ya maisha yake.

Baadaye baba aliongeza koki ya nje, kwa sababu mama alimwomba. Jirani wa ng'ambo ya njia, Mbena, Mlutheri wa kwaya, alikuwa amejifungua, na nyumbani kwake kulikuwa na jiko moja la mafiga na watu wengi wa kulisubiri. Mama akasema mzazi hakandwi kwa maji ya vuguvugu. Kwao pwani mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini iishe, tumbo, kiuno, mgongo, na yeye aliyajua mambo hayo kutoka kwa bibi yake. Basi akaenda kumkanda. Kuanzia hapo ikawa ndio desturi ya mtaa. Msichana akijifungua, alfajiri utasikia mlango wa uani unagongwa na mtu anasalimia kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, mama," na ndoo imeshikwa mkononi. Mwislamu, Mlutheri, Mkatoliki, mama hakuuliza. Aliamka kabla ya adhana, akawasha moto, akatawadha, akaswali, na akimaliza maji yako tayari.

Baba alipofariki, maji ya kumwoshea yalitoka humo humo. Mama alichochea moto kwa mkono wake mwenyewe, macho makavu, na shangazi zangu walipotaka kumwondoa aliwaambia waache, hiyo ni kazi yake.

Sasa mie naishi Mbeya, nauza mchele wa Rujewa, na ulimi wangu wanaujua sokoni. Sipendi kitu kilichochakaa. Ndoo ikipasuka naitupa, kandambili zikikatika natupa. Nilipokwenda kumtazama mama mwaka fulani, nikafungua bomba la bafuni na maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Nikatoka nje. Moto ulikuwa unalia chii, chii, maana tone linadondokea kwenye kaa. Nikaligonga pipa kwa mpini wa mwiko, likatoa sauti nyembamba ya kopo la nyanya. Nikamwambia, "Mama, boila limekwisha hili. La kuvunda halina ubani."

"Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi," akanijibu, wala hakugeuka, anapepeta mchele wangu mwenyewe niliomletea na kuutoa kasoro.

"Litakulipukia."

"Litalipukaje na lina tundu?"

Nikamwuliza basi litabadilishwa lini. Akaweka ungo chini. Akasema boila halibadilishwi kwa kuvuja, wala kwa kutu, kwa sababu hata yeye anavuja na ana kutu na hatujamtupa. Litabadilishwa siku mtu atakapokuja na ndoo akarudi nayo tupu. Nikaona ananichezea tu shere, nikaingia ndani kwa hasira.

Kaka yangu, ambaye yuko Iringa, yeye akaona huyu mwanamke hashindwi kwa maneno, atashindwa kwa vitendo. Akamtuma dereva mmoja anayefika Chunya, akaletewa pipa zuri, zito, halina hata mkwaruzo. Akalishusha uani akiwa amevimba kama bwana harusi. Mama akalizunguka. Akainama, akanusa tundu lake. Akauliza lilibeba nini huko Chunya. Kaka akasema ah, mama, vitu vya wachimbaji. Vitu gani? Dawa. Dawa ya nini? Ya kusafishia dhahabu.

Lo! Mama alimpigia kelele ambazo hakuwahi kumpigia hata utotoni. "Nimkande mzazi kwa sumu! Nimwogeshe mtoto wa watu kwa sumu! Baba yako alisugua siku nzima pipa la mafuta ya kula, ya kula, mafuta unayokaangia samaki, na wewe na usomi wako unaniletea hili!" Kaka akalirudisha lilikotoka siku ile ile. Hatukumwacha apumue kwa hilo, mpaka leo akinunua kitu tunamwuliza kama amekinusa.

Ndipo tukafikia hita ya umeme, ile ya kufunga ukutani. Nilikuwa na hoja zote: hakuna kuinama, hakuna moshi, kifua chake kilishaanza kukohoa kikohozi kisichoisha. Mama akataka kwanza pipa lijaribiwe kuzibwa. Fundi wa kuchomelea akaja, akagusa tako la pipa kwa kidole, akatikisa kichwa. Akasema bati limekuwa karatasi, akiweka moto wa kuchomelea pale anatoboa tundu kubwa kuliko lililopo. Akaziba kwa saruji na majivu ili tusimwone amekuja bure, na akaniambia nisimlaumu.

Siku hiyo mama aliniita jikoni. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, "Hita yenu itaogesha mtu mmoja, na umeme ukikatika hataoga hata huyo. Lakini si hilo. Nisikilize. Baba yako alinipa maji ya moto nilipoingia mji huu. Nataka nitoke nayo. Nikishaoshwa kwa maji ya lile boila, fanyeni mnavyotaka, litupeni, liuzeni kwa wenye vyuma chakavu. Lakini mie mnioshe kwa maji yale."

Nikamwambia aache maneno ya kujitabiria. Akasema, "Sema ndiyo."

Nikasema ndiyo. Yarabi, ni neno dogo hilo.

Kikohozi kikazidi baada ya masika. Nikamchukua nikaja naye Mbeya, kwa sababu hospitali kubwa iko huko na mie niko huko. Alikaa kwangu kati ya matibabu. Bafuni kwangu kuna hita, unabonyeza, maji yanakuja. Alioga bila ugomvi, akatoka, akaniambia maji yangu ni mazuri ila hayana harufu ya moto. Akitoka bafuni alikuwa anauliza Mafinga nani anawasha. Nikamwambia jirani wa ng'ambo anawasha siku ya haja. Analiwasha taratibu? Ndiyo, mama. Haweki mabanzi mabichi? Haweki. Hapo ndipo alipokuwa anakubali kunywa uji. Alikonda hivyo hivyo, akiuliza habari za boila kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa mwingine aliyelazwa wodi ya pili.

Alikata roho asubuhi, jua limeshatoka, mkono wake uko mkononi mwangu. Sitaeleza zaidi hapo.

Ndugu wa mume wangu wakaja, wanawake wazima wenye kujua mambo yao, wakaanza kutayarisha sehemu ya kuoshea. Nikasema haoshwi hapa. Wakaniangalia. Kuzikwa angezikwa Mafinga, kando ya baba, hilo wote tulilijua, lakini wao walitaka aoshwe na kukafiniwa Mbeya, asafiri ameshasitiriwa. Kaka kwenye simu naye akasema maiti haicheleweshwi, na barabara ile ina malori, na dada acha ukaidi. Nikamwambia, "Mama aliniambia mie, hakukuambia wewe." Shehe alipoulizwa akasema mradi azikwe leo hakuna ubaya, na pale pale nikampigia jirani wa ng'ambo, nikamwambia: washa boila, tunakuja. Alilia kwanza, kisha akasema nimeshatoka nje, nakwenda kuwasha.

Safari nzima nilifikiria moto. Watu waliokuwa nami kwenye gari walikuwa wanasoma Yasini, na mie nasoma nao, lakini kichwani niko uani kwetu. Usangu pana jua kali, na mie nawaza je ameweka mabanzi makavu. Makambako baridi ikaingia dirishani. Tulipoanza kuona misonobari nikapumua, nikasema moyoni, mama, tumefika, maji yako yako tayari.

Nilijua kabla sijashuka. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, khanga yake imejaa tope la majivu mpaka magotini, amejishika kichwa. "Mama," akaniambia, hivyo hivyo ndivyo anavyoniita ingawa mie ni mdogo kwake, "limenifia mikononi. Nililijaza, nikaliwasha pole pole kama yeye anavyofanya, likapata moto vizuri, halafu tako likaachia lote. Maji yote yameingia motoni. Nisamehe."

Nikakimbia nyuma ya bafu. Pipa la baba limekaa juu ya matofali limefunguka chini, tumboni hakuna kitu, na tanuri limejaa tope jeusi linalotoa mvuke. Nikaupiga ukuta kwa kiganja. Nikalitukana lile pipa, matusi ambayo siyaandiki. Mtu ameomba kitu kimoja. Hakuomba sanda ya hariri, hakuomba kaburi la marumaru, ameomba maji.

Nikaketi pale pale chini. Niliposikia mlango wa uani unagongwa sikuinuka. Ukagongwa tena, wakaingia. Wa kwanza alibeba sufuria imefunikwa kwa sinia. Nyuma yake mwingine na ndoo, kisha mwingine na chupa mbili za chai, moja kila mkono, na mwingine, na mwingine. Jirani alipoona boila limepasuka alikuwa amepeleka habari nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ikabandika maji. Wengine nilikuwa nawajua tangu utoto, wengine ni mabinti waliozaliwa mie nimeshaolewa. Bibi mmoja Mhehe, amepinda mgongo, alileta maji kwenye birika la chai tu, maana ndicho alichoweza kubeba. Akaniambia, "Watoto wangu wote, yeye ndiye alinikanda." Akaliweka birika chini na kukaa kwenye tofali.

Tulimwosha mama kwa maji ya nyumba nyingi. Tuliyachanganya kwenye beseni, tukatia karafuu maiti katika yale ya mwisho, na mie ndiye niliyemmiminia. Yalikuwa ya moto wa kadiri, kama anavyoyapenda. Mengine yalinuka moshi. Kabla ya alasiri kuisha alikuwa kando ya baba.

Kaka yangu husema, tukikaa tukimzungumzia, kwamba mama alipata zaidi ya alichoomba. Mie sikubaliani naye. Mama hakuomba zaidi. Aliomba boila lake, nikasema ndiyo, na likaachia tako tukiwa njiani. Hilo linaniuma na nalisema linaniuma, wala sitaki kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Baada ya hitma watu wakatawanyika. Kaka akarudi Iringa kushughulikia kazi zake, akaniambia atatuma fundi na hita ya ukutani, sasa hakuna wa kukataa, na nyumba tutapangisha. Sikubisha. Nilibaki peke yangu kufungasha nguo za mama, na hata machozi sikuwa nayo, yalikuwa yamekwama tangu Mbeya.

Alfajiri moja, nimemaliza kuswali, mlango wa uani ukagongwa. "Kamwene, mama."

Nikafungua. Msichana mdogo, kitenge kichwani, simfahamu. Akasema dada yake amejifungua jana, wametoka kituo cha afya usiku, na mama yao amemtuma maji. Alikuwa anaongea huku ananyoosha shingo kutazama nyuma ya bafu, ambako hakukuwa na moshi. Akaona pipa lililopasuka. Akaziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe, mama. Nimesahau. Nyumbani wote tumesahau." Akageuka, akaondoka zake kwenye ukungu, na ile ndoo tupu inampiga gotini kila hatua.

Hapo ndipo machozi yalipotoka, yote kwa pamoja. Kisha nikamwita kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. "We binti! Rudi hapa!"

Akarudi anaogopa. Nikamnyang'anya ndoo. Nikabandika sufuria kubwa ya shughuli, nikasukuma mabanzi chini yake, nikamwambia akae asubiri, mzazi hakandwi kwa maji ya vuguvugu. Na wakati maji yanapata moto nikampigia kaka, nikamwamsha. Nikamwambia hita abaki nayo. Alete pipa, la mafuta ya kula, na alinuse kwanza.