Tulikwenda field Pemba, nikamtambulisha Nasra kama dada yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nina jambo limenikaa kooni na nisipolitema hapa litanitoa roho. Sijaongeza chumvi hata punje. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Mimi ni Mpemba wa Tibirinzi, Chake Chake, nasoma chuo kimoja huko bara. (Wale wa utani wa Wapemba naomba mnihurumie leo, nimeumia.)

Mwaka jana darasa letu lilipangiwa field Pemba. Kazi yenyewe ni kuzunguka pwani na visiwa vidogo kuangalia bahari inavyokula ardhi. Nilifurahi kupita kiasi, maana kwenye kundi letu alikuwemo Nasra.

Nasra ni binti wa Tanga. Nilimpenda tangu mwaka wa kwanza na sikuwahi kumwambia. Nikajisemea, bara mimi ni mtu wa kawaida tu, lakini kule ni kwetu. Tukifika Kiuyu, kwenye upepo na majabali, nitafungua mdomo.

Siku tuliyofika, mama aliwaalika wote chakula cha mchana nyumbani.

Sasa kwa wasiotujua: kwetu kijana haibuki tu na msichana mlangoni kwa mama yake. Ukimleta, ama umeoa ama una la kujieleza. Mama akamwangalia Nasra kuanzia mtandio hadi viatu, akaniuliza mbele za watu:

"Na huyu nani?"

Nikaingiwa na haya. Nikasema, "Huyu dada yangu, mama. Chuoni tunaishi kama ndugu."

Mama alifurahi kama kapata mtoto mwengine. Akamshika mkono, akampeleka ndani walikokaa wanawake. Nasra alinitazama mara moja, akaingia. Mimi nikabaki barazani na sinia la wanaume, najiona mjanja.

Hapo ndipo anapoingia kaka yangu Seif. Mkubwa wangu, hajaoa, ana gari la abiria, na ndilo lililokodiwa litupeleke kila mahali. Na aliyempigia debe kwa mhadhiri ni mimi. Mimi mwenyewe, wakuu!

Tukaenda Kiuyu. Upepo wa kule hauna adabu, unakupiga mpaka machozi yanatoka, na mawe ya ufukweni yamechongoka yote. Tukiwa katikati ya mawe hayo, kiatu cha Nasra kikakatika mkanda.

Nikainama haraka nimpe vyangu. Lakini nilikuwa nimevaa buti za kamba, nimezifunga mafundo kwa kujifanya mtu wa field. Nikiwa bado nahangaika na fundo la kwanza, Seif keshavua makubadhi yake, kayaweka mbele ya miguu ya Nasra, kisha kageukia baharini ili mtoto wa watu avae bila haya. Yeye akarudi pekupeku hadi kwenye gari.

Angalau angejisifu, ningepata sababu ya kumchukia.

Nilimchukia hivyo hivyo.

Tangu siku ile nikawa polisi: naangalia tu, Nasra simsemeshi. Nasra akahamia siti ya mbele, eti nyuma anapata kizunguzungu. Seif akawa anapunguza mwendo kila penye shimo. Mimi ndugu yake wa damu, nikipanda gari lile hunirusha kama gunia la karafuu! Njiani akanunua halua, akatugawia wote. Lakini kipande cha kwanza kilikwenda kwa nani? Hamna haja ya kuambiwa.

Nikazidi kununa. Nasra akinisalimia, namjibu nikiangalia simu.

Jioni moja mama akaniita jikoni.

"Ntoto wa watu yule ana adabu zake," akasema. "Na kaka'ko keshampenda, ila aona haya. Wee ndo nduguye huku. Kamuulize kama keshaposwa. Kama bado, tupeleke maneno kwao."

Nduguye. Mimi.

Najua mtasema ningemwambia mama ukweli. Ningeanzia wapi? Kusema nampenda ni kukiri kwamba nilimdanganya mama mbele za wageni, nikamwingizia ndani mwake msichana ninayemtamani na kumwita dada. Halafu Seif ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kuoa kwanza. Nikajibu, "Haya, mama."

Kesho yake tukavuka kwa boti ya mashine kwenda Kisiwa Panza, kule kusini. Seif alibaki ng'ambo na gari lake. Kisiwani bahari imeingia hadi kwenye mabonde ya mpunga, udongo umekuwa mweupe kwa chumvi. Wenzetu wakiwa wanapima, nikamwita Nasra pembeni.

Nikamwambia, "Kaka yangu anataka kukuposa. Lakini ujue anakoroma. Halafu mbishi. Halafu gari lenyewe bovu."

Nasra akacheka huku kaushika mtandio usipeperuke. Kisha akaacha kucheka.

"Na wewe unanishauri nini?"

Wakuu, tulikuwa wawili tu. Hakuna mama, hakuna Seif. Nafasi yenyewe niliyoiomba miaka yote. Akanisubiri. Naapa alinisubiri.

Lakini wivu ulikuwa umenijaa mpaka hapa shingoni. Nikamjibu, "Nikushauri nini wakati unamtaka? Si nakuona unavyokimbilia siti ya mbele."

Akasema, "Nimekaa mbele kwa sababu nyuma kuna mtu hanisemeshi. Haya, kamwambie mama sijaposwa."

Akarudi kwa wenzake.

Maneno yakapelekwa Tanga, yakapokelewa. Seif alinikumbatia pale barazani mpaka mbavu zikauma. "Yakhe, bila wee n'singempata," akasema. Na kweli, bila mimi asingempata.

Funzo nililopata: kama unampenda mtu, mwambie kabla hujaanza kumwonea wivu. Mwenzako hawezi kujua unagombania nini kama hukuwahi kusema unataka. Na wale mnaosema muda unaponya, mbona mimi nikiona picha zao bado natamani kuitupa simu?

Sasa naombeni mawazo yenu, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Harusi ni likizo ijayo, huko Tanga. Jana Nasra kanitumia ujumbe. Anasema hana kaka wa kuzaliwa, kwa hiyo siku ya nikaha anaomba nikae upande wao, nisimame mlangoni na wajomba zake, nimpokee bwana harusi.

Nimeusoma, bado sijajibu. Nyie mngemjibu nini?