Mguu wa Sentimita Ishirini na Nane

Wateja walimbandika jina la Sentimita kwa sababu hakuvumilia makadirio. Ukimwambia akushonee "kama ile ya mwaka jana," alikuvuta mbele ya kioo, akakuzungushia futi yake ya kupimia kiunoni, akakutajia unene wako kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Alikuwa fundi wa sare za shule, na aliamini kwamba nusu ya shida za dunia zimeletwa na watu wanaosema "hivi hivi tu, itatosha."

Sasa alikuwa na siku ya sita tangu ajifungue binti yake wa kwanza, na watu wa "hivi hivi tu" walikuwa wamemjazia nyumba.

Kichwa kilimwanza siku ya nne, nyuma ya macho, kikagoma kuondoka. Siku ya tano vikaja vinyota, vikawa vinacheza pembeni mwa kila kitu alichokitazama. Asubuhi ya siku ya sita alitaka kumtilia mtoto kamba kwenye kofia, akashika sindano na uzi, akatunga hewa mara saba. Sentimita huyo huyo ambaye alizoea kutunga uzi huku anagombana na mteja, bila hata kuinamisha shingo!

Mama yake, aliyekuja kumsaidia, alikuwa na jibu moja la kila swali. Kichwa? Uchovu. Macho? Uchovu. Miguu imevimba hadi kandambili hazipiti?

"Uchovu, mwanangu. Umezaa, hukutoka matembezini. Lala."

Aliyasema haraka haraka, kisha akaenda kufua nepi ambazo zilikuwa safi tangu jana.

Mumewe ndiye aliyemtia wazimu zaidi. Alikuwa fundi saa, na kwa fundi saa hakuna tatizo la macho ambalo lenzi haiwezi kulimaliza. Badala ya kumpeleka hospitali alimletea miwani mitatu ya kusomea ajaribu mmoja mmoja. Yote ilipokataa, alivaa ile lenzi yake ya jicho moja, akamfunua kope na kuchungulia ndani kama mtu anayetafuta skrubu iliyoanguka.

"Sioni kitu," alisema kwa utulivu.

"Mimi ndiye nisiyeona kitu!" Sentimita alimfokea. "Ndiyo maana nimekuambia!"

"Polepole, mke wangu. Utamwamsha mtoto."

Mtoto! Majirani waliingia, wakampita yeye kitandani kama wanavyopita mlango, wakainamia kitanda kidogo. Mtoto hajambo? Mtoto hajambo. Ananyonya, analala, anajisaidia kwa ratiba ambayo baba yake aliiandika daftarini kwa saa na dakika. Angekuwa mtoto ndiye amevimba miguu, ukoo mzima ungelala hospitali tangu juzi. Sentimita alimpenda binti yake hadi kifua kikamjaa, lakini siku hiyo alimwonea wivu, na hakuona haya kukiri hivyo moyoni.

Kilichomnyanyua kitandani ni futi. Tangu aruhusiwe kurudi nyumbani alikuwa akijipima kifundo cha mguu kila asubuhi, kwa mazoea tu, na kuandika kwa chaki kwenye ukingo wa meza ya cherehani. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili na nusu. Ishirini na nne. Ishirini na sita. Leo ishirini na nane. Alizikodolea macho namba zile, kila moja ikimjia mara mbili, na kwa mara ya kwanza akaingiwa na hofu ya kweli. Alikuwa amewahi kuchoka maishani, mwezi wa kufungua shule hata kulala alikuwa halali, na hakuna siku uchovu ulimwongezea sentimita mbili kwa usiku mmoja. Aliona wazi kwamba anaweza kufa, tena ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaompenda.

"Naenda hospitali," alisema. "Anayetaka anifuate. Asiyetaka abaki hapa na uchovu wake."

Mumewe alimfuata amembeba mtoto. Mama alibaki amesimama mlangoni na nepi mkononi.

Siku ile ilikuwa ya kliniki ya watoto. Nesi wa mezani, mwanamke mwenye kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele, alimpokea mtoto kabla hajasalimiwa, akamweka kwenye mizani, akaandika.

"Hongera, mama. Ameongezeka vizuri."

"Sikumleta mtoto. Nimejileta mimi."

"Wewe? Faili lako lilifungwa siku uliporuhusiwa. Kina mama tunawaona wiki ya sita."

"Na nikifa wiki ya kwanza?"

"Usijitabirie mabaya, mama. Anayefuata!"

"Labda tungerudi kesho," mumewe alinong'ona, "tusiwasumbue."

Sentimita alimtupia jicho. Jicho lenyewe liliona waume wawili, likawachoma wote wawili.

Kisha akafanya kazi aliyoijua. Alivua futi shingoni, ambako ilikuwa imening'inia tangu asubuhi, akainama kwa taabu na kumzungushia nesi kwenye kifundo cha mguu. Nesi alicheka, akidhani uzazi umemvuruga mtu akili.

"Ishirini na moja," Sentimita alisema. "Umesimama tangu saa ngapi, dada?"

"Tangu saa moja."

"Umechoka?"

"Niulize tena! Nimechoka hoi."

"Basi huo ndio mguu wa mtu aliyechoka. Mimi nimelala siku nzima nzima. Haya, pima wangu."

Benchi zima la kina mama lilinyoosha shingo. Nesi aliichukua futi, nusu kwa kutaka yaishe, akapima. Akapima tena. Akabonyeza muundi kwa kidole gumba, na pale alipobonyeza pakabaki shimo. Kicheko kikamfutika usoni.

"Kichwa kinauma?"

"Siku ya tatu leo."

"Unaona vinyota?"

"Naona na wewe una kalamu nne."

Mashine ya presha ililetwa mbio. Mia na sabini na mbili kwa mia na kumi na nne. Nesi alihamia mkono wa pili, akasoma, akamwacha mtoto wa mtu kwenye mizani na kuita daktari kwa sauti iliyofanya korido nzima igeuke.

"Dalili za kifafa cha mimba," daktari alisema, tayari ameshika sindano.

"Mimba gani tena?" Sentimita alihamaki. "Mimba yangu ile pale, ananyonya kidole!"

Daktari hakucheka. "Kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, mama, wiki kadhaa baadaye. Ungerudi kulala leo, ungeanza degedege. Wengine hawaamki." Alipiga kitako mezani kwa dakika moja tu, kuandika faili jipya. Mume, ambaye hakuwahi kusikia neno "hawaamki" likielekezwa nyumbani kwake, alikaa sakafuni na mtoto wake, akalia bila kujificha.

Kesho yake mchana presha ilikuwa imeshuka na kila kitu kimerudi kuwa kimoja kimoja. Mumewe alikuwa ameomba radhi mara kumi na kufukuzwa akanunue maji. Sentimita alikuwa amelala na dripu mkono wa kulia, amejiandalia maneno. Mama yake alipoketi kwenye ukingo wa kitanda, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Siku tatu, mama! Siku tatu nakuambia kichwa, nakuambia macho, na wewe uchovu, uchovu. Ulikuwa hunisikii?"

"Nilikusikia." Mama aliinama, akashika shuka. "Mama yako mdogo hakufa kwa malaria."

Sentimita alimjua mama yake mdogo kwa picha moja tu ya ukutani.

"Alikuwa amejifungua siku nane. Kichwa, miguu, macho, ni haya haya. Alinililia mimi, dada yake mkubwa. Nikamwambia ni uchovu, alale. Kwa hiyo wewe ulipoanza kusema kichwa, nilijua. Siku ya kwanza kabisa nilijua. Lakini nikikubali kwamba wewe unaumwa, basi na yule aliumwa, na aliyemlaza ni mimi."

Maneno aliyojiandalia hayakufaa tena, ila hasira ya Sentimita ilibaki pale pale. Alitaka kumfokea, na alitaka kumkumbatia, na kwa mkono mmoja uliokuwa huru alimvuta mama yake shingoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ungeniacha nife, mama," alisema, bado amemshikilia.

"Ningekuacha," mama yake akajibu.