Lambo la Mwenzangu

Sina haja ya kuzungukazunguka. Nilikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kumwona mtu na shuka jipya ukajisemea moyoni, loo, limempendeza. Wangu niliamka nao, nikala nao michembe ya viazi vikavu, nikaenda nao shambani. Na niliyemwonea alikuwa mtu mmoja tu, mwenzangu wa gunguli la jirani, ambaye tulichunga naye ndama utotoni na tukapewa uanangwa mwaka uleule.

Vijana wa leo wana wabunge wao. Enzi zile za Mwingereza, huku kwetu Shinyanga, mwanangwa ndiye aliyekuwa mdomo wa watu. Kila mwanangwa alikuwa na gunguli lake, yaani kijiji pamoja na mashamba na malisho yake, na watu wakipata shida walikuja kwake, naye akaipeleka barazani mjini, mbele ya mtemi wetu, watemi wenzake, na Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali. Sehemu ya kodi tuliyolipa ilibaki katika hazina ya watemi, na humo ndimo zilimotoka fedha za madaraja, za dawa, za kuchimbia malambo. Mwanangwa asiyejua kusema, watu wake walilipa kodi kisha wakabaki kutazamana.

Mwenzangu alijua kusema. Alikuwa amefanya kazi ya reli upande wa Isaka, akarudi na Kiswahili kilichonyooka na koti moja jeusi. Barazani alisimama, akakohoa kidogo, akamtania mzee mmoja wa ukoo wa watani zake, watu wakacheka, na kabla hawajamaliza kucheka alikwisha kuomba daraja. Akapewa. Mwaka uliofuata akaomba mtu wa dawa apite kijijini kwake kila mwezi. Akapewa tena! Mimi Kiswahili kilinikwama kooni, nikachanganya na Kisukuma, jasho likanitoka. Mara tatu nilisimama kuomba lambo, bwawa la kukingia maji ya mvua, na mara tatu mtemi aliniambia, "Tumesikia, mwanangwa. Kaa." Nikakaa, nikayatazama mabega ya lile koti jeusi mbele yangu, nikatamani lishike moto.

Lambo lile halikuwa jambo la kuombea sifa. Kiangazi mto wetu ulibaki mchanga mtupu. Wanawake walichimba mashimo mchangani, marefu kupita kimo cha mtu, mmoja akaingia ndani na kuteka kwa kibuyu kidogo kidogo, mwingine akapokea juu. Kingo zilikuwa zikibomoka. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, shimo lilimfukia mke wangu mpaka kifuani. Walimvuta kwa mikono, akatoka mzima, ila nyonga yake haikurudi kuwa ile ya zamani. Alikuwa akienda mtoni anachechemea, na kurudi na mtungi kichwani anachechemea zaidi.

Basi mwaka huo mtemi akatangaza kwamba hazina ina fedha za lambo moja upande wetu. Moja tu. Yeye na Bwana Shauri wangekuja wenyewe kutazama magunguli mawili, la mwenzangu siku ya kwanza, langu siku ya pili, kisha baraza liamue nani ana shida zaidi. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Mke wangu aliposikia, aliweka chini ungo wa mtama, akasema, "Safari hii huna haja ya kusema, Baba watoto. Wapeleke mtoni tu, wayaone yale mashimo."

Laiti ningemsikiliza.

Siku mbili tatu baadaye nilikutana na mwenzangu njiani, kwenye uzio wa minyaa unaogawa malisho yetu. "Mwadila, mwanangwa," akanisalimu. Nikamwitikia. Ukoo wake na wangu ni watani, akiniona hawezi kuniacha hivi hivi, ndiyo desturi. Akasimama, akaegemea fimbo yake. "Nasikia na kwako wageni watakuja. Utawanawisha nini, wewe? Vumbi? Mzungu akiomba maji ya kuoga utampa jivu ajipake?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Mtani akikutania, nawe unamrudishia, mnaachana mnacheka. Mimi nilisimama pale nimetoa macho, na moyoni nasema, ala, huyu ndiye atakayenifundisha mimi kupokea wageni?

Mtu asiyekuwa wa kwetu hawezi kujua neno lile lilichoma wapi. Mgeni akifika kwako vumbi miguuni, kitu cha kwanza ni maji. Anawe, anywe, ndipo aulizwe habari za atokako. Mwanangwa aliyeshindwa kumpa mgeni maji, watu watamwimba kwenye ngoma za mavuno mpaka wajukuu zake wazijue nyimbo hizo. Nikafika nyumbani, nikaita watu wangu. Nikasema kila kaya itoe mitungi mitatu iliyojaa, iwe uani kwangu siku ya wageni. Atakayepungukiwa tutaonana.

Wanawake wakatawanyika. Mke wangu akanifuata mpaka nyuma ya ghala. "Mume wangu," akasema, "wale wanakuja kutazama kiu. Unataka waione wapi?"

"Unataka tuonekane maskini mbele ya yule?" nikamjibu.

"Yupi?"

Alijua yupi. Akachukua ngata yake na mtungi, akaenda mtoni. Kwa siku tatu wanawake wa gunguli langu walichimba na kubeba, asubuhi na jioni. Ndama walinyimwa maji, wakalia zizini. Mtama wa kupika ukapikwa mzito kama udongo. Mke wangu alikwenda mara nne kwa siku na nyonga yake ile, na jioni ya tatu nilimwona ameketi kizingitini, amenyoosha mguu, anaukanda kwa samli. Nikapita kama sikumwona. Nilikuwa nahesabu mitungi.

Wageni wakaja. Motokaa ya Bwana Shauri iliachwa kwa mwenzangu kwa sababu ya mawe, wakaja kwa miguu, mtemi mbele, Mzungu nyuma, karani, mpishi, matarishi wawili. Na pembeni yao, kwa koti jeusi, mwenzangu! Amewasindikiza wageni wake mpaka kwangu, kama adabu inavyotaka. Nikajiambia, vema, na aone.

Akaona. Mitungi ilipangwa kutoka mlango wa ua mpaka chini ya ghala, imefunikwa majani mabichi. Mtemi akanawa, akanawa tena. Mpishi alitandika beseni la turubai, Bwana Shauri akaoga, nasi tukamsikia akijimwagia na kupiga mluzi. Wakanywa chai, wakanywa maji, mpishi akafua na mashuka. Nilikuwa nikizunguka kama mwenye harusi. "Ongeza! Mpe huyu! Jaza hapo!" Mwenzangu alipokea kibuyu, akanywa, akanitazama juu ya ukingo wake. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso kama mtu anayetaka kuniambia kitu asiweze mbele za watu.

Baadaye nilisikia yaliyotokea kwake siku iliyotangulia. Aliwapa wageni kibuyu kimoja, maji ya rangi ya ugoro, akasema, "Leo ndiyo haya tuliyopata, nasi hatujanywa." Mpishi akayachuja kwa kitambaa. Mzungu alilala bila kuoga. Mimi ningekufa kwa aibu. Yeye wala.

Kisha mtemi akasema, "Haya, mwanangwa, Bwana anakusikiliza." Nikasimama. Nikasema watu wangu wana shida ya maji. Bwana Shauri, nywele bado zinamchuruzika, akaitazama mitungi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta, "Maji haya mmeyatoa wapi?"

Hapo. Hapo ndipo ningesema. Mto haukuwa mbali, mashimo yako wazi, mke wangu amesimama mlangoni na mguu wake. Lakini mwenzangu alikuwa pale, mikono nyuma, akisubiri jibu langu. Nikaona nikisema kwamba wake zetu wamechimba siku tatu ili mimi nimringie yeye, nitakuwa wimbo kabla jua halijazama.

"Ya hapa hapa, Bwana," nikasema.

Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Karani akaandika. Mlangoni mke wangu aligeuka akaingia ndani. Mtoni hawakwenda.

Wiki mbili baadaye tukakutana barazani mjini. Nilikwenda nimekwisha kujua. Mtemi akasema lambo litakwenda kwa mwenzangu, kwa sababu watu wake wanateseka, na kwangu, kama wageni walivyojionea kwa macho yao, maji yapo. Watu wakapiga makofi. Nikayatazama mabega ya lile koti.

Koti likasimama. Mwenzangu akakohoa, nikangoja amtanie mtu. Hakumtania mtu. Akasema, "Mtemi, na ninyi wakuu, wabeja, asanteni. Lakini nina ombi. Yale maji mliyooga kwa mwenzangu yalichimbwa mchangani siku tatu. Mke wangu huchimba mto huo huo na wake zao, aliwaona. Ni watu wa kuona haya, ndiyo maana. Ukuta wa lambo msiuweke kijijini kwangu. Uwekeni kule bondeni kati yetu, kwenye minyaa, tunywe wote."

Baraza zima lilinigeukia. Mtemi akaniita kwa cheo changu, kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. "Ni kweli asemayo?"

Nimelirudia jibu lile kichwani kwangu kila kiangazi tangu siku hiyo. Neno moja tu lilitakiwa, na mtoto mdogo angelisema: kweli. Bonde lile lilikuwa karibu na kwangu kiasi kwamba mke wangu angekwenda na kurudi kabla moto wa jikoni haujafifia. Lakini lingekuwa lambo la mwenzangu hata hivyo! Yeye ameliomba, yeye amelipata, na sasa ananimegea mbele ya watemi, na huruma juu. Kila mtungi ungeingia nyumbani kwangu na jina lake. Nikaona lile koti tu.

"Ananitania," nikasema. "Si mnajua sisi ni watani? Kwangu maji yapo."

Watu wakaangua kicheko. Mwenzangu hakucheka. Akaketi polepole.

Wakalichimba lambo kule kwake, mbali kabisa, nyuma ya mawe ya upande wa pili, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kumfikiria mtu mwingine. Nyumbani nilisema baraza limekataa, nikamtupia lawama Mzungu. Mvua zikaja, lambo likajaa, bata wa porini wakalishukia. Kiangazi kikarudi, mchanga wetu ukakauka zaidi, na wanawake wangu wakaanza safari ya kwenda kwake. Waliondoka jogoo wa kwanza, wakarudi jua limepanda. Mwenzangu aliamuru wapishwe wateke kwanza kwa sababu wametoka mbali. Hata huo wema wake niliuonea wivu, jamani. Niliuonea wivu kuliko koti.

Mtoto wetu wa kwanza alichoka na nchi isiyo na maji, akafuata wenzake Geita kuchimba dhahabu, na mke wangu akabaki na binti mmoja wa kumsaidia. Miaka ikapita. Alikwenda lamboni kwa nyonga ile ile, akaweka mtungi, akaniwekea kibuyu mbele yangu, nikanywa. Hakuniuliza kitu. Nilijifariji kwamba hajui nililolijibu barazani.

Kisha mwaka mmoja, nimekwisha kuachia uanangwa, mwenzangu akaja kunijulia hali. Nilikuwa naumwa kifua. Koti lilikuwa limechakaa viwikoni, naye kapungua meno. Akaketi kwenye kigoda, vumbi miguuni. Mke wangu akatoka ndani anachechemea, akapiga goti kwa shida, akampa maji ya kunawa, kisha ya kunywa. Mwenzangu akanywa kibuyu chote, akafuta ndevu.

"Matamu maji haya, shemeji," akasema. "Mmeyatoa wapi?"

Mke wangu hakunitazama. "Ya hapa hapa, shemeji," akajibu.

Nikajua kwamba alijua, na la barazani pia, tangu siku ile ile, na kwamba kila asubuhi ya miaka yote hiyo alikuwa amebeba jibu langu kichwani pamoja na mtungi. Wakatazamana, yeye na mwenzangu, kisha wakacheka. Walicheka mpaka mke wangu akalazimika kushika nguzo ya mlango. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tukiwa vijana. Mimi nililala pale kwenye ngozi yangu, maji ya lambo yako tumboni mwangu, nikamwonea wivu mtu yule kwa sababu ya kicheko kile.