Msitu Tuliokataa Kuuzika

Msitu wa kilima cha nyuma ya kwetu Mshangano uliungua kwa sababu ya panya. Nalisema hili mapema kwa kuwa Wahehe, watani zetu sisi Wangoni, wamelitangaza miaka mingi, na ni afadhali mlisikie kwangu. Vijana walikwenda kuwinda mwezi wa kumi, nyasi zimekauka kiasi kwamba hata kuzitazama vibaya ni hatari. Wakawasha kichaka kimoja ili kitoweo kitoke. Kitoweo kikatoka, na moto nao ukatoka. Ulipomaliza, kilima kizima kilikuwa cheusi, na wale panya, kwa taarifa yenu, hawakujaza hata sufuria.

Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Maduka ya mtaa wa Majengo yalijaa sabuni za rangi ambazo hatukujua kama zipo, mitumba ilimwagwa juu ya maturubai, na mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, kama vile tulikuwa chumvi iliyozidi kwenye mboga. Nilibaki na Kiingereza cha sekondari na miguu mizima. Mradi mmoja wa mazingira, uliokuwa umepanga vyumba kule Ruhuwiko, ukanichukua niwatembeze watu kwenye kilima kilichoungua kila Jumamosi, waone msitu unavyojiponya na wasikie wenyeji wanasema nini juu yake. Mimi nilikuwa mdomo tu. Mwenye maneno alikuwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mjane aliyeishi chini ya kilima kile. Kuni zake zilitoka huko, na uyoga, na matunda ya masuku, na dawa za tumbo, na kamba za magome alizofungia uzio. Mizinga yake ya nyuki iliteketea na msitu, naye aliililia kwa siri, maana hadharani alikuwa mtu wa kucheka. Kilima kile kingeondoka, asingebaki na kitu ila nyumba na ulimi.

Ulimi ulikuwepo wa kutosha. Alivaa kitenge cha Jumapili na kandambili, akatangulia, na wageni wenye mabuti mazito wakahema nyuma yake. Alikuwa akisimama mbele ya mti mweusi tii, anaukwangua kwa ukucha wa dole gumba, na chini ya masizi panatokea kijani kibichi.

"Umelala huu," anasema. "Ukikwangua ukaona kijani, usimwite padri."

Nami natafsiri, na wageni wanaandika kwa bidii kuhusu padri.

Alieleza kwamba moto wenyewe si adui, ubaya uko kwenye mwezi. Wazee waliwasha mwezi wa tano na wa sita, nyasi zikiwa bado na maji, moto ukapita unalamba chini tu na kuondoka. Moto wa mwezi wa kumi unapanda mpaka kichwani. Lakini hata huo, alisema, unaua shina na kuacha mizizi, na mizizi ya miti ya miyombo ina kiburi. Kweli, mvua hazijashika vizuri, visiki vikaanza kutoa majani mekundu. Mgeni mmoja aliyaona kwa mbali akadhani moto umerudi, akageuka akaanza kushuka mbio. Shangazi hakumwita. Alitaka kuona atafika wapi.

Kosa lake kubwa lilikuwa la majina. Watu wa mradi walitaka kila mti na kichaka kiwe na kibao chenye jina la kienyeji. Kulikuwa na kichaka kimoja cha miiba, kibishi, kilichochipua kabla ya vingine vyote na kushika nguo za kila apitaye. Shangazi akatoa jina bila kusita, nami nikalipokea hivyohivyo, likachorwa kwa rangi nyeupe. Lilikuwa jina la kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Mama yule alipokuja kutembea na wanakwaya wenzake, alisimama pale muda mrefu, akasoma, akasoma tena. Hakuongea na Shangazi mpaka Pasaka.

Basi tulikuwa katika raha hizo tuliposikia kwamba kilima kimepata mchumba. Mfanyabiashara mmoja wa Majengo, aliyekuja mjini na lori lake na bado hajajua vichochoro, alitaka apewe kile kilima ang'oe visiki vyote na kupanda misindano ya mbao. Kilichobaki ni bwana misitu kupanda juu na kutamka mbele ya watu kwamba msitu wa zamani umekufa. Akishatamka, trekta linaingia. Shangazi alisikia habari hizo akakaa kizingitini asubuhi nzima bila kumsema mtu yeyote. Niliogopa, sijapata kumwona hivyo.

Kisha akauliza, "Huyo bwana misitu ni mtu wa wapi?"

"Iringa. Mhehe."

Alitabasamu mpaka nikaona pengo lake. Akaingia jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tukawa na kundi letu la matembezi, wengi wao walimu. Bwana misitu alifika na mfanyabiashara. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyesoma misitu chuoni na kuijua vizuri, na nadhani hakulala vizuri kwa jambo lile, kwa sababu aliikwepa miti kwa macho. Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu zetu walipochoshana vitani, na utani hauulizi cheo.

"Kamwene!" Shangazi akamsalimu kwa Kihehe. "Karibu mtani. Usihofu, mbwa wetu tumewafungia ndani tuliposikia unakuja."

Walimu wakacheka, maana Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa. Bwana misitu akajitahidi kutocheka. "Mama, nyie mmeteketeza kilima kizima kwa ajili ya panya, halafu mnanisema mimi na mbwa?" Lakini mfanyabiashara alikohoa, na yule bwana akakumbuka kazi yake. Akasimama wima, akatazama upeo wa mbali, akasema kwa sauti ya ofisini, "Kwa kuangalia hali halisi, msitu huu umekufa."

Shangazi akajitupa chini. Sijawahi kuona mtu mzima akianguka kwa ustadi ule. Alivua kilemba, akajipaka masizi usoni, akalia kilio cha msiba chenye vituo vyake vyote. "Mayo! Mayo mama wee! Umeniacha na nani?" Walimu wale walikuwa watu wa hapahapa, hawakuhitaji kuambiwa. Wanawake wakakaa chini, wakaitikia. Wanaume wakavua kofia. Mimi nikalia pia, na katikati nikashtuka kuona machozi yangu ni ya kweli.

Katikati ya kilio Shangazi akainua kichwa. "Mtani! Wangoni tumefiwa, na wewe umesimama tu kama mlingoti? Kwenu hakuna adabu?"

Hapo ndipo alipomkamata. Msibani mtani ndiye mwenye fujo: analala kaburini, anazuia jeneza, anadai marehemu anajisingizia, mpaka apozwe kwa kitu. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Na mtani anayekaa kimya kwenye msiba wa watani zake anawaaibisha watu wa kwao wote.

Bwana misitu alimtazama mfanyabiashara, akatutazama sisi tuliokaa majivuni. Niliona kitu kikimlegea mabegani. Akavua kofia yake ya serikali, akampa mwalimu mmoja amshikie, akaenda akalala chali katikati ya njia, tumbo juu.

"Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele. "Wangoni mna haraka gani? Maiti mmemkagua?"

"Hatujamkagua, mtani!" tukaitikia.

"Nani amemkwangua?"

"Hakuna!"

Akaviringika kwenye mti wa jirani, akaukwangua kwa ukucha, akamwonyesha kila mtu kile kijani. "Huyu anapumua! Mnataka kumzika mzima ili mgawane vyombo vyake!"

Mfanyabiashara akamwinamia. "Lakini bwana, si tulishakubaliana?"

"Tulikubaliana ofisini," bwana misitu akajibu kutoka pale chini. "Hapa niko msibani."

Na hakunyanyuka mpaka apozwe. Shangazi akafungua kikapu, akatoa kifurushi cha majani ya mgomba, na ndani yake panya wa kukaushwa, wamepangwa vizuri na chumvi yao. Yule Mhehe alikitazama kifurushi, akatutazama, akamchukua mmoja kwa mkia. Akamla. Alitafuna kwa muda mrefu, akasema wanakosa pilipili.

Jumatatu aliwaambia wakubwa wake kwamba msitu haujafa, akawaeleza mambo ya mizizi na machipukizi, yote ya kweli, yote aliyoyajua tangu mwanzo. Kuhusu msiba hakusema. Mfanyabiashara akapata eneo tupu mbali na kwetu, na misindano yake ilistawi. Bwana misitu akahamishwa baadaye, kwa sababu ya panya au kwa sababu nyingine, sikuambiwa. Kilima kikarudi polepole. Kwanza uyoga, halafu kivuli, halafu nyuki.

Miti ya masuku ilipoanza tena kuzaa, Shangazi alifariki. Hakuugua sana. Sijui nani alipeleka habari Iringa, ila tulipokuwa tumenyanyua jeneza kutoka uani, tukakuta mtu mnene mwenye mvi amelala chali katikati ya njia.

"Wangoni mna haraka gani?" akasema. "Mmemkagua?"

Waliomjua wakapasuka kucheka, na hata kiongozi wa sauti ya kwanza akajifuta machozi ya kicheko. "Hatujamkagua, mtani!" tukaitikia.

Akanyanyuka taratibu, akijishika kiuno. Akaja mpaka kwenye jeneza, akaweka ukucha wa dole gumba juu ya ubao, akakwangua. Tulikuwa bado tunacheka. Akauinua ukucha karibu na macho, akauangalia kwa muda. Akakwangua tena, mahali pengine.

Kisha akavua kofia.

"Mpitisheni," akasema, na akasogea kando.