Ngoma Iliyousimamisha Ukumbi

Wajukuu wangu wananishangaa. Nikipata nafasi ya kukaa peke yangu huifungua kwenye simu ile filamu ya zamani ya roki, ya vijana wanne wenye nywele ndefu wanaopiga muziki katikati ya shamba lililojaa watu, na kila mara hucheka pale mpiga ngoma anapoanza. Wanasema bibi ana mambo. Mambo ninayo, na dawa yake siitaki.

Niliiona mara ya kwanza Kampala, nikiwa msichana wa sekondari, miaka ile ya serikali ya wanajeshi. Wahindi wenye majumba ya sinema walikuwa wamefukuzwa na filamu mpya hazikuja tena. Jumba letu lilibakiwa na makopo machache ya filamu, na filamu ya roki ndiyo iliyokuwa na nafuu, ingawa ilikuwa imechubuka hata wapigaji wakaonekana wananyeshewa mvua tangu mwanzo mpaka mwisho. Ilionyeshwa Jumamosi mchana, maana jua likizama mwenye akili alikuwa kwake. Tuliihifadhi kwa moyo. Mpiga gitaa alipokuwa bado anafumba macho, sisi tulikwisha kuliimba gitaa lake kwa midomo.

Baba alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, na kazi yake ilikuwa kupiga ngoma katika bendi ya polisi. Kwake muziki ulikuwa kitu cha kunyoa nywele na kusimama wima. Siku aliyoliona tangazo la filamu ile ukutani alitema mate.

"Hii watu hapana oga," aliniambia. "Mimi nikisikia wewe nakwenda pale, kesho yake wewe iko ndani ya basi, kwenda kwa shangazi yako. Shule imekwisha."

Baba hakuwa mtu wa maneno matupu. Dada yangu mkubwa alikuwa tayari huko kwa shangazi, akipalilia ufuta. Mama naye akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia miguu ninayo miwili, nikaenda.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa safu za katikati na rafiki yangu, mlango ukafunguka, na katika mwanga uliotoka nje akaingia baba, yunifomu kamili ya bendi, vifungo vinang'aa. Mdomo wa jirani fulani ulikuwa umefanya kazi yake. Siku zile yunifomu ikiingia mahali, watu walitazama viatu vyao, kila mmoja akijiuliza ni nani anayetafutwa. Mimi nilimjua anayetafutwa.

Mkata tiketi, Muganda mmoja mnene mwenye adabu nyingi, alimfuata nyuma akinong'ona, "Kalibu, afande. Kaa mbele, afande." Baba hakukaa. Alisimama kwenye njia iliyo katikati ya viti, akikagua kichwa baada ya kichwa, nami nikateremka kitini mpaka magoti yakagota kiti cha mbele. Nilikuwa nimekwisha kuliona shamba la ufuta.

Hapo ndipo zamu ya mpiga ngoma ikafika. Yule kijana huanza kwa kuzitetemesha fimbo juu ya ngoma ndogo, kwanza polepole, kisha mvumo unapanda mpaka viti vinatetemeka. Sasa, katika bendi ya baba mvumo kama huo ulipigwa kabla ya wimbo wa taifa, na baba alikuwa ameupiga miaka nenda rudi. Mwili haukumwomba ruhusa. Visigino viligongana, mikono ikashuka mapajani, kidevu kikapanda. Akasimama wima kumheshimu kijana asiye na shati.

Watu wakamwona polisi kasimama. Nasi tulikuwa tumefunzwa: wimbo wa taifa ukipigwa sinema, anayechelewa kusimama huulizwa maswali na wanaume wenye miwani ya jua. Safu ya mbele ikainuka, ya pili ikafuata, na punde ukumbi mzima ulikuwa wima. Waliokuwa wanatafuna karanga walizimeza nzima. Kumbe mpiga ngoma hakuwa na haraka. Baba aliling'amua kosa lake, niliona shingo inavyotota jasho, lakini polisi hawezi kukaa akaonekana amekosea, na raia hawezi kukaa hali polisi amesimama. Basi tukasimama. Nikachungulia, nikaona vidole vya baba vinapiga pajani, vikimfuata yule kijana pigo kwa pigo.

Ngoma ilipokwisha alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokipata, na ukumbi ukashusha pumzi. Tangu siku hiyo watu wa jumba lile walisimama kila ngoma ile ilipoanza, polisi awepo asiwepo, na mgeni akiuliza aliambiwa ndivyo filamu hii inavyotazamwa. Lakini siku ile mimi sikuwa na la kucheka. Baba alinisubiri mlangoni, tukaifuata barabara ya Nakawa, yeye mbele, mimi nyuma, nikilifikiria lile basi la kwa shangazi.

"Ile kijana," alisema mwishowe, "mkono yake ya kushoto iko nguvu."

"Ndiyo, baba."

Akapunguza mwendo, nikamfikia.

"Na ile watu yote ndani ya shamba. Nani alileta wao? Lori ya nani?"

Baba alikuwa amepiga ngoma karibu viwanja vyote vya nchi hii, mbele ya watu walioletwa kwa malori wakaambiwa wapige makofi saa ngapi. Umati wa namna nyingine hakuwa ameuona.

"Hakuna mtu, baba. Walikuja wenyewe."

Alisimama, akanitazama kuona kama namdanganya. Nilimwonea huruma, na nilimpenda sana saa ile, lakini hatukuwa watu wa kuambiana mambo hayo.

"Yenyewe," alisema, akaanza kutembea tena. Jina la shangazi hakulitaja. Tulipokaribia kambi ya polisi tulikokaa alivua kofia akaibana kwapani.

"Jumamosi mimi nakwenda na wewe," akasema. "Lakini yunifomu naacha kwa nyumba."