Mpunga Ulirudi Nyumbani, Mdogo Wangu Akaachwa Dunguni

Mhariri, habari za kazi. Naomba jina langu usiliweke, maana Ifakara tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nane, sikujaliwa mtoto. Naishi kwenye nyumba waliyotuachia wazazi, pamoja na mdogo wangu wa mwisho, ambaye hapa nitamwita Deo. Ana miaka ishirini na sita, lakini alizaliwa na mtindio wa ubongo. Anaongea polepole, hesabu hajui, na ukimpa maagizo mengi kwa mpigo unamchanganya. Ukimpa moja, analifanya mpaka umwambie basi.

Hilo la mwisho ndugu zangu wanalijua vizuri sana. Kaka yetu mkubwa analima mpunga Idete, na kila msimu Deo ndiye anayepelekwa kuamia ndege. Anakaa peke yake kule juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha mlinzi wa shamba, anapiga debe na kurusha kombeo tangu alfajiri mpaka giza. Halipwi kitu. Mtu akiuliza, kaka anajibu, "Huyu taahira kazi ataiweza wapi? Mimi namlisha tu." Anamlisha! Sasa huo mpunga unaojaza magunia yake aliulinda nani?

Mwaka huu, msimu wetu wa kwanza tangu tupige kura za vyama vingi, mume wangu alifariki kule Kiberege. Matanga yalipoisha nikarudi Ifakara, kwenye nyumba hii ya wazazi alimokuwa akikaa Deo. Nilikuta magunia ya kaka yamepangwa mpaka mlangoni, Deo hayupo. Nikamfuata kaka kwake, akasema atakuwa kwa shangazi. Nikaenda kwa shangazi, naye akashangaa: "Mwanangu, mimi nilijua kabaki na kaka yako."

Nikaazima baiskeli kwenda shambani. Kabla sijafika nikasikia debe. Shamba lilikuwa limeshavunwa lote, yamebaki mabua, na Deo yuko juu ya dungu, amekonda, sauti imemkauka, anafukuza ndege. Waliovuna walipakia mpunga wakaondoka, hakuna aliyemwambia basi. Wasukuma waliokuwa wakipitisha ng'ombe pale ndio waliokuwa wakimpa maziwa. Aliponiona alifurahi kweli. "Shikamoo dada," akasema. "Ndege hawajala hata kidogo." Nililia palepale, naye akawa ananitazama tu, hajui kinachoniliza.

Nikamrudisha mjini. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kiislamu ambaye kwao ni pwani, ana mashine ya kukoboa mpunga. Alimchukua afagie pumba na kushika mdomo wa gunia mchele unapomwagika. Siku za kwanza Deo alifagia mpaka uwanja wa nyumba ya pili, tukacheka. Sasa wenzake wamejua kumwambia, "Deo, basi, pumzika." Analipwa kama wao. Jioni anarudi kichwa cheupe kwa vumbi, ananisimulia nani kamtania nani. Baada ya msiba wangu, hiyo ndiyo sauti pekee inayonifurahisha humu ndani.

Kaka aliposikia, alikuja na mjomba, hata kukaa hakukaa. "Unatuaibisha! Watu watasema tumeshindwa kumtunza mgonjwa wetu, tumempeleka akatumikishwe kwa watu baki."

Nikamuuliza, "Kwani kule dunguni ulikuwa umemlaza hospitali?"

Mjomba akanikata kauli. "Mwanamke aliyerudi kwao hajibizani na mwenye nyumba." Kwenye ukoo wetu nyumba ya wazazi huhesabiwa ya mtoto mkubwa wa kiume.

Kaka akamaliza kwa kusema kwamba mvua za kupandia zikianza anakuja kumchukua Deo, na nikimzuia nitafute pa kuishi. Tangu siku hiyo hakuna ndugu anayekanyaga hapa. Hata shangazi nikimwamkia sokoni, anaitikia huku anaondoka. Nimekuwa kama mgeni kwenye mji niliozaliwa, na jioni Deo akishalala nabaki kuongea na sufuria zangu.

Deo ameshatoa kombeo lake uvunguni, kwa sababu kaka alimwambia ajiandae. Hajui kama mtu anaweza kukataa. Juzi nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kusikia mtu wa ukoo wetu akimuuliza: "Deo, wewe mwenyewe unataka kukaa wapi? Dunguni au mashineni?"

Aliendelea kukaza kamba ya kombeo lake, nikadhani amesahau swali. Kisha akasema, "Mashineni. Wakitaka kula wananiita."

Ndugu wasomaji, nikimtoa Deo nabaki na nyumba. Nikimzuia tunatoka wote wawili, na sijui tutaelekea wapi. Mawingu yameshaanza kujikusanya milimani. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Nishaurini jamani, maana kwetu sina tena wa kumuuliza.