Kompyuta ya Mwalimu wa Kwaya

Programu yetu ni ya wanakwaya. Unaandika nota na maneno ya wimbo, nayo inakupangia ukurasa tayari kwa kuchapa. Tuliianza wawili, mimi na mwenzangu anayeishi Kizwite, na tangu mwanzo tulitaka ifanye kazi kila mahali: kwenye simu, kwenye laptopu mpya, na kwenye zile kompyuta kubwa za mezani zenye mfumo wa zamani.

Hizo za mezani ndizo zilizotutesa. Wanakwaya walituomba sauti, yaani mtu abonyeze asikie sauti ya tatu peke yake anapojifunza. Kwenye simu haikuwa kazi ngumu. Kwenye mfumo wa zamani programu iliganda hata kabla ya kufunguka. Tukirekebisha huku, kule kunaharibika.

"Dada, hivi nani bado anatumia hizi mashine?" mwenzangu aliniuliza siku moja nyumbani kwangu Mazwi.

Nilimtajia mmoja: mwalimu wangu wa kwaya, aliyehamia Laela baada ya kustaafu. Ndiye aliyenifundisha kusoma nota nikiwa msichana, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitumia programu yetu ilipokuwa bado inasuasua. Kumwambia kwamba tunamwacha nyuma kulinishinda.

"Basi nenda ukamwambie ana kwa ana," mwenzangu akasema. "Tukiendelea hivi hatutamaliza kitu."

Jumamosi nikaenda Laela, laptopu mgongoni, njia nzima nikipanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta mwalimu sebuleni amevaa sweta, mkewe anachambua maharage. Kompyuta ilikuwa kwenye meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Sikungoja chai. "Mwalimu, toleo linalokuja halitafanya kazi kwenye kompyuta yako. Tumejaribu, tumeshindwa. Nisamehe."

Alimtazama mkewe. Mkewe akaangua kicheko.

"Haya, mwambie sasa!"

"Mwanangu," mwalimu alisema, macho chini, "hiyo mashine sijaitumia kuandika wimbo tangu kabla ya Pasaka. Natumia simu."

"Mbona kila nikikupigia unasema inaendelea vizuri?"

"Ulikuwa unauliza kwa upendo. Nikaona nikikuambia nimeiacha, utadhani nimeidharau kazi yako."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilihisi mabega yangu yakishuka, kama niliyetua ndoo ya maji kichwani.

Lakini mwalimu hakucheka sana. Nyimbo zake za miaka mingi zilikuwa bado humo, akahofu zitapotea. Tukaiwasha. Ilichukua muda mrefu kuamka, tukala ugali wa ulezi huku inanguruma. Nikazihamishia kwenye flashi, nikazibadilisha kwa laptopu yangu, kisha nikamtumia kwenye simu, pamoja na toleo jipya lenye sauti. Mbili ziligoma kufunguka, nikakaa nazo mpaka zikakubali.

Alifungua wimbo wa shukrani ya mavuno aliotunga mwenyewe, akabonyeza sauti ya tatu. Akasikiliza, kichwa kimeinama.

"Inakimbia mno," akasema. Nikampunguzia mwendo. Akaanza kuimba besi juu yake, polepole, na mkewe akadakia sauti ya kwanza, sinia la maharage bado mapajani.

Jumatatu mimi na mwenzangu tukaanza kufuta. Kila alipofika kwenye kipande kilichoandikwa kwa ajili ya mfumo wa zamani aliuliza, "Na hiki pia?" Nami nikajibu, "Na hicho pia." Toleo la zamani tuliliacha mtandaoni kwa atakayelihitaji, ila hatuligusi tena. Mchana ule programu ilifunguka papo hapo kwenye kila kifaa tulichokuwa nacho. Mwenzangu alijinyoosha kwenye kiti, akasema ana njaa. Tukafunga laptopu tukatoka kwenda kula, jua likiwa bado juu.